Kila Kitu Kimelipiwa, Isipokuwa

Wauzaji wa safari za meli za kitalii wana kauli moja ambayo hawaichoki: kila kitu kimeshalipiwa. Chumba kimelipiwa, chakula kimelipiwa, bwawa la kuogelea limelipiwa, mpaka yule bwana anayepiga gitaa kando ya ngazi naye kalipiwa. Wewe beba nguo zako uje. Binti aliyenihudumia kwa simu aliirudia kauli hiyo kwa furaha hata nikaona haya kumuuliza habari ya fedha za mfukoni. Nikauliza hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa Tanga, mkazi wa Houston, jimbo la Texas, na nimelelewa na baba aliyekuwa akihesabu nauli ya kurudi kabla hajapanda basi la kwenda. "Hizo zinategemea wewe mwenyewe," binti akasema. Nimewahi kujibiwa hivyo na mganga mmoja wa kienyeji, na bei yake naikumbuka mpaka leo.

Safari yenyewe haikuwa wazo langu. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku, mimi naendesha lori, na mapumziko yetu siku zote yamekuwa ni kulala. Mwaka huu akatangaza kwamba watoto wetu watakua bila kumbukumbu ya baba yao akiwa macho. Bandari ya Galveston iko kilomita 80 hivi kutoka mjini kwetu, meli zinaondoka pale kila wiki kwenda Mexico, huhitaji tiketi ya ndege wala hoteli. Ikaonekana hesabu nyepesi. Sisi wawili, watoto watatu, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye hakuwa wa kuachwa nyumbani, kwa sababu aliuliza mbele ya wageni kama na yeye yumo.

Nikafungua daftari. Naomba msomaji aelewe kwamba nina nyumba inajengwa Pongwe, na mtu mwenye nyumba inayojengwa hana tena fedha ya nchi yoyote; fedha yake ni mfuko wa saruji. Fundi wangu huniandikia mfuko mmoja shilingi elfu 17, nami nimeacha kubishana naye, ingawa kiwanda cha saruji kiko palepale Pongwe na sijaelewa ule usafiri anaouandika unatoka wapi kwenda wapi. Kwa hiyo nikitajiwa bei yoyote ya dola, kichwa kinazidisha kwa elfu mbili na mia tano, kinagawa kwa elfu 17, na jibu linatoka kwa mifuko.

Cha kwanza kuandikwa kilikuwa bakshishi. Kwetu bakshishi hutolewa na mtu aliyeridhika, kiganja kwa kiganja, huku akiangalia pembeni. Melini hukatwa. Kampuni nyingi hukata kati ya dola 16 na 20 kwa kila kichwa kwa kila siku, na kichwa ni kichwa: kitinda mimba wangu, anayekula chipsi tupu na kulala saa mbili usiku, anahesabiwa sawasawa na lile jitu la meza ya jirani lililoagiza nyama sahani tatu na kurudisha moja kwa sababu haikuiva vizuri. Chukua dola 16, vichwa sita, siku tano. Dola 480. Mifuko 70. Ukuta wa uani umekwenda na bado hatujaondoka nyumbani.

Mama mkwe akataka kujua hizo fedha ni za kazi gani. Nikamweleza: ni za kijana wa kutandika vitanda, na wa mezani, na wengine wa jikoni ambao hatutawaona. "Mimi natandika mwenyewe tangu Mwalimu yuko madarakani," akasema. "Wanitoe kwenye hesabu." Na kweli, siku zote za safari aliamka alfajiri, akaswali, akatandika kitanda chake na cha mjukuu wake, akakunja shuka pembe kwa pembe. Kijana wa chumba, Mindonesia mpole, akija anakuta kazi imekwisha. Kwa kukosa la kufanya akawa anakunja taulo: leo tembo, kesho bata, keshokutwa nyani anayening'inia kwenye kiango cha nguo. Huyo nyani mama mkwe alimkuta usiku taa ikiwa imezimwa, na sauti aliyoitoa iliwaleta watu wa vyumba vinne.

Vinywaji viliniumiza zaidi, kwa sababu hapo nilidhani nimeshapona. Kuna kifurushi cha pombe ambacho bei yake inafika dola 60 au 70 kwa siku, na pengine huzidi. Na kampuni nyingi zinashika sheria kwamba mtu mzima mmoja wa chumba akikinunua, wazima wenzake wa chumba hicho nao wanunue. Sisi hatunywi. Nikamwambia mke wangu kwamba dini imetulipia safari. Kumbe na soda hulipiwa! Maji bure, chai bure, kahawa ya kawaida bure, juisi ya asubuhi bure. Lakini soda ina kifurushi chake, dola 10 na ushee kwa siku kwa mtoto, na juu yake asilimia 18 au 20 ya huduma. Huduma ipi tena, wakati mhudumu keshakatiwa bakshishi? Sisi tuliokuwa tukituma fedha nyumbani mwaka 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza, tulijiona tumehitimu katika somo la kato juu ya kato. Tulikuwa chekechea.

Na watoto wangu wamekulia Texas, ambako glasi ya soda ikipungua hujazwa tena kabla hujainua macho. Kumwambia mtoto wa hivyo kwamba soda ina bei ni kumvunjia imani.

Nikayasoma masharti ya kampuni yetu mpaka chini kabisa, kwenye maandishi yanayohitaji miwani, nikaokota kifungu cha haki yangu: kila abiria anaruhusiwa kupanda na makopo 12 ya soda, mradi ayabebe mwenyewe mkononi siku ya kuondoka. Sita mara 12 ni makopo 72. Mke wangu akasema yeye hatembei na mtu mwenye makopo 72. Basi hakutembea nami. Alitangulia hatua 20 mbele na miwani yake ya jua, anavuta begi la magurudumu kana kwamba amekuja peke yake kutoka Dallas. Nyuma yake nikaja mimi na katoni begani, watoto na zao kifuani, na mama mkwe kajitwika ya kwake kichwani juu ya kata ya kanga, mikono yote miwili iko huru, anapunga upepo kwa tiketi. Mzungu mmoja akaomba kumpiga picha. Mama mkwe akamuuliza kwa Kiswahili atatoa shilingi ngapi, na mpaka sasa naona yeye peke yake katika familia yetu alikuwa ameelewa biashara ya meli inavyokwenda.

Kwenye ukaguzi soda zilipita. Kilichokamatwa ni pasi. Hairuhusiwi chumbani, wanaogopa moto, na sina neno kwa hilo. Ila mama mkwe alitaka risiti ya pasi yake, na aliipata, kwa sababu foleni ya nyuma yetu ilianza kupiga miluzi. Chapati nazo hazikupita. Chakula kilichopikwa nyumbani ni marufuku kupanda nacho. Biskuti za pakiti hazina shida. Chapati 30 za maji ya nazi, zimekunjwa kwenye karatasi ya aluminiamu bado zina joto. Tulizila palepale tumesimama pembeni, na mlinzi mmoja alikula mbili.

Ukishapanda, noti zako hazina kazi. Unapewa kadi, kadi imeungwa na kadi yako ya benki, na tangu hapo melini hakuna anayeshika fedha. Watu wengi husifia mpango huu kwamba ni wa usalama. Ni wa usalama wa mwenye meli. Mtu akitoa noti ya dola 20 mfukoni anaiona inavyoondoka, anaiangalia mgongoni, anaikumbuka usiku. Kadi inatoa mlio mdogo wa kitoto, umemaliza. Na kila mtoto anayo yake! Mtoto wangu wa kati, ambaye hesabu za darasani zinampa homa, aligundua kabla jua halijazama kwamba kadi ya kufungulia mlango wa chumba inafungua pia mashine za michezo za ghorofa ya juu. Nilipofika alikuwa anaendesha gari la mbio lenye usukani unaotetemeka, na kijiskrini pembeni kinahesabu dola. Nikamvuta hadi mapokezi. Msomaji mwenye watoto asikie hili, maana hakuna atakayemwambia kwa hiari: ukiwaomba mapokezi wazuie matumizi kwenye kadi za watoto, wanazuia, na kadi inabaki kuwa ufunguo tu. Niliwaomba wazuie za watoto wote watatu. Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akauliza kama inawezekana kuzuia na ya mume.

Wapiga picha sitawasema sana. Wanakuvizia mlangoni, wanakuvizia mezani, wanakuvizia ngazini usiku wa kuvaa vizuri, halafu sura yako inatundikwa ukutani kwa dola 20 na kitu. Sisi tuna simu nne zenye kamera. Mke wangu alisema zile za kwao zina mwanga. Tulinunua mwanga.

Na intaneti. Baharini hakuna mnara wa nchi yoyote. Simu ukiiacha wazi inashika mtandao wa meli yenyewe na bili inakusubiri nyumbani, kwa hiyo nilisimama mlangoni na kuhakikisha kila mtu kaweka ya kwake kwenye hali ya ndege. Mama mkwe akauliza mbona tuko kwenye meli. Bando la melini ni dola 20 na zaidi kwa siku, kwa simu moja. Nikakataa. Babu zetu walikuwa wakivuka na majahazi kwenda Muscat na hakuna aliyejua wamefika mpaka warudi. Lakini binti yangu mkubwa ana fedha zake za kulea watoto wa jirani, akanunua bando kwa jasho lake, nami sikuwa na hoja ya kumzuia. Laiti ningeitafuta.

Kwa sababu jambo la kwanza alilofanya ni kumpiga picha bibi yake. Mama mkwe yuko sitaha ya juu, kavaa deira la rangi ya zambarau, kaegemea kiti cha kunyoosha miguu, mkononi glasi ya juisi yenye kimwavuli cha karatasi, nyuma yake bahari ya buluu tupu. Juisi yenyewe ni ile ya bure ya asubuhi, kimwavuli alikiokota. Picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu wapatao mia na kidogo, kuanzia Maramba hadi Muscat.

Kwa dakika kumi zilikuwa "MashaAllah" na mioyo. Halafu akaingia binamu mmoja, mwenyekiti wa kamati ya harusi, na kukumbusha kwa heshima zote kwamba mchango wangu bado unasomeka ahadi. Nilikuwa nimeahidi shilingi laki moja, kadi ya watu wawili. Akasema kamati imekaa, imeona hali, na imeniomba nifikirie kima cha wadhamini. Nyuma yake akaja shangazi na paa la madrasa. Kijana mmoja ambaye kwa kweli sijui tumeungana kwa nani akaandika "Shikamoo baba mdogo, naona mambo ni moto, mimi nakwama ada ya muhula wa pili tu." Tu! Mjomba wa Muscat hakuomba kitu, aliuliza meli hiyo inabeba watu wangapi na nauli ni kiasi gani, na alipotajiwa akanyamaza kwa namna ambayo watu wote mia na kidogo waliisikia.

Katika daftari langu nilikuwa na safu ya bakshishi, ya soda, ya maegesho ya gari kule Galveston, ya dharura, mpaka ya dharura ya dharura. Safu ya kuonekana sikuwa nayo, na sijaona mtaalamu yeyote wa bajeti za likizo anayeitaja, kwa sababu wataalamu hao wote ni watu ambao shangazi zao hawana simu. Mzungu akipanda meli amepanda meli. Mswahili akipanda meli, ukoo mzima umeona una uwezo, na uwezo ukishaonekana hauna likizo. Nilipiga hesabu kwa mifuko nikaona harusi, paa na ada vinazidi nauli ya mtoto mmoja. Binti yangu akashauri nijibu kwamba mtandao ni dhaifu. Niliposhika simu yake kuandika hivyo, kundi likaonyesha kwamba binti anaandika, na watu wakaanza kusubiri.

Tukafika Cozumel. Hapa lazima niliseme Bunge la Marekani. Kuna sheria yao ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera za nje kuchukua abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine. Na meli za kitalii karibu zote zinapeperusha bendera za nje, Bahamas, Panama, Bermuda, huko ambako kodi na masharti vina huruma. Zikitaka kuzungusha abiria kutoka Galveston na kuwarudisha hapohapo, lazima zitie nanga angalau bandari moja ya ng'ambo. Kwa hiyo si hiari: unashushwa Mexico kwa amri ya sheria, mfuko wako ukiwa wazi.

Ziara za nchi kavu zilinijaribu kwanza. Dola 60 na zaidi kwa mtu, unapewa miwani ya maji na mrija, unapelekwa kuchungulia matumbawe. Nakubali matumbawe ya Cozumel yana sifa. Ni sehemu ya mwamba mkubwa wa pili duniani baada ya ule wa Australia. Lakini mimi nimekua Tanga. Samaki wa matumbawe nimewafahamu kwa majina, kwa ladha, na kwa bei ya fungu. Nilipe mifuko tisa kumwona changu akiwa hai? Nikawapeleka watoto ufukweni kwa teksi, ambayo Cozumel ina nauli maalumu kulingana na unakokwenda, mkakubaliana kabla ya kupanda na yakaisha. Nilikuwa najipongeza. Sikujua kwamba mke wangu ana kuponi.

Siku moja kabla ya kutia nanga, kulikuwa na mhadhara melini juu ya maduka ya kisiwani. Bure. Nilimwacha aende kwa sababu ilikuwa bure, na alirudi na ramani na kuponi ya bangili ya bure, ambayo lazima uichukue mwenyewe ndani ya duka la vito hatua chache kutoka gatini. Tukaingia. Kiyoyozi kikali, zulia, muuzaji mwenye suti katika joto lile. Bangili ilitolewa kwa nusu dakika, ya bati nyepesi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, akimwangalia mke wangu, kwamba kuna kitu angependa kumwonyesha, jiwe ambalo linapatikana mahali pamoja tu duniani.

Akafungua kisanduku. Tanzanite.

Wale waliowahi kupita bandari za Karibi wanajua sitii chumvi; jiwe hili limejaa kwenye maduka ya kule kuliko linavyoonekana Kariakoo. Yule bwana akaanza kutusomesha. Eti linatoka Afrika, chini ya mlima Kilimanjaro, na machimbo yanakaribia kwisha. Nikamwambia najua. Mererani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara. Lilianza kujulikana mwaka 1967. Na tangu 2018 machimbo yamezungushiwa ukuta wa kilomita 24 na nusu. Akanitazama kwa mashaka, akauliza kama na mimi nafanya biashara ya vito. Nikasema hapana, mimi ni Mtanzania. Nilitegemea atafunga kisanduku kwa aibu. Badala yake alimgeukia mke wangu, akaweka mkono kifuani, akasema: basi mama, hili ni la kwenu, litakuwa limerudi nyumbani.

Jamani, kuna watu wanastahili kulipwa.

Nilimvuta mke wangu kando, tukaongea Kiswahili. Nikamwambia hatuwezi kununua tanzanite Mexico, ni fedheha kwa taifa. Ni afadhali tukanunue Arusha kwenyewe, kwa watu wetu. "Arusha tunakwenda lini?" akauliza. Nikaanza kumpigia nauli za ndege za watu sita kuvuka Atlantiki, nikaishia katikati kwa sababu niliiona inakokwenda. Nikajaribu njia nyingine: nikamkumbusha Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa kule kule, ambaye Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili kwa shilingi bilioni 7.74, ili ajue jiwe hili si la watu wa zamu za usiku. Akasema yale ya Laizer yalikuwa zaidi ya kilo 14, yeye anataka hereni. Mama mkwe, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema mahari yenyewe ilibaki deni, hatukusema kitu kwa sababu mlikuwa mnapendana.

Nilipatana bei kama niko soko la Mgandini kule Tanga. Nilitoka dukani mara mbili, mara ya pili mpaka kwenye jua, na mara zote aliniita. Bei ikashuka hadi nusu na chini ya nusu, jambo ambalo linapaswa kumfurahisha mtu lakini mimi linanifanya nijiulize ilikuwa imepandia wapi. Dola 240 kwa hereni mbili zenye vijiwe vya ukubwa wa punje ya ulezi, na cheti chenye picha ya mlima. Mifuko 35. Yaani katika lenta ya nyumba yangu ya Pongwe kuna sehemu itakayokuwa na hewa tupu, na ukisimama pale kwa pembe nzuri utaiona Cozumel.

Usiku wa mwisho bili ikaja. Niliisoma mstari kwa mstari kitandani: mwanga wa wapiga picha, dakika za gari la mbio, chupa moja ya maji ya chumbani ambayo mama mkwe aliifungua akidhani ni ya bure kwa sababu ilikuwa mezani, na bakshishi zetu sita. Nilikuwa nimesikia kwamba mapokezi wakiombwa hupunguza bakshishi au kuziondoa. Si siri, foleni ya kazi hiyo ilikuwepo, ndefu, na mbele yangu alisimama bwana mmoja mwenye saa ya dhahabu. Hoja yangu niliipanga vizuri. Sikuja kuondoa zote, nina utu. Nilitaka ya mama mkwe tu, kwa kuwa kazi yake aliifanya mwenyewe, na mashahidi ninao.

Nikiwa bado kwenye foleni akapita yule kijana wa chumba, kabeba mlima wa taulo. Aliponiona alisimama, akaziweka chini zote, akaunganisha viganja, akainama.

"Shikamoo, Baba."

Mama mkwe alikuwa amemfundisha. Kumbe kila alfajiri walikuwa wakionana pale mlangoni, akamfundisha shikamoo, na ahsante, na "kazi njema", na alikuwa ameanza kumfundisha kuhesabu. Na kijana naye kamwonyesha picha za mama yake kule kijijini Java, ambaye yeye humtumia mshahara kila mwezi. Nikaitika marahaba kwa sauti iliyomgeuza bwana wa saa ya dhahabu. Sasa mtu keshakupa shikamoo, utaingiaje dirishani kuomba apunguziwe? Nikatoka kwenye foleni. Nikarudi chumbani, nikachukua noti ya dola 20 niliyokuwa nimeificha ndani ya soksi kwa dharura ya dharura, nikamtafuta nikampa, kiganja kwa kiganja, huku nikiangalia pembeni. Kwa hiyo amelipwa mara mbili, na hiyo ya pili haimo kwenye bili wala kwenye daftari.

Tuliposhuka Galveston pasi tulirudishiwa, kwa risiti. Makopo ya soda yalibaki manane, yote ya ladha ambayo hakuna anayeikubali. Mke wangu alivaa hereni zake tukiwa bado kwenye maegesho, akajipiga picha kwenye kioo cha gari, na kabla sijamlipa mtu wa geti picha ikawa imeshafika kwenye kundi la ukoo.

Wa kwanza kujibu alikuwa shemeji yangu anayeishi Arusha, ambaye ana rafiki Mererani. Aliuliza bei, akatajiwa, akacheka kwa sauti iliyorekodiwa ya sekunde arobaini. Halafu akaandika: "Shemeji, hiyo hela ungenitumia mimi, ningekuletea mawe ya kueleweka. Lakini hujachelewa, nitumie hata nusu yake. Na ya kutolea."